Zawadi Haiuzwi?

Mwezi uliopita niliitwa kwenye kikao cha kamati ya ujenzi hapa Lupiro. Sikuitwa kwa sababu nina fedha, maana pensheni yangu inajulikana hata na watoto wa jirani. Niliitwa kwa sababu mtu aliyekuwa anajadiliwa nilimfundisha mimi mwenyewe, tangu darasa la tatu mpaka la saba, na wajumbe walidhani ninamwelewa kuliko wao. Mtu huyo sasa ni mfanyabiashara Dar es Salaam. Alikuwa ameandika barua kwamba anatoa gari lake kwa kijiji chake, lisaidie ujenzi wa nyumba ya akina mama wajawazito wanaokuja kusubiri kujifungua. Barua ilikuwa nzuri, ya heshima, na mwandiko wake haujabadilika.

Tatizo lilikuwa gari lenyewe. Si lori, si Land Cruiser, si hata Corolla. Ni Datsun 240Z, gari dogo la mbio lenye viti viwili, pua ndefu kama ya ngiri na tumbo linalokaribia kulamba ardhi. Vijana hawalijui, lakini sisi tuliokuwa na redio mwanzoni mwa miaka ya sabini tunalijua. Gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kabla ya hapo tulikuwa tukishangilia Peugeot 404 ya Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967. Mwanafunzi wangu alilikuta la kwake likiwa gofu katika ua wa watu, akalinunua, na kwa miaka mingi akawa analifufua kidogo kidogo. Leo watu wa Nairobi na Ulaya wanayatafuta magari hayo kama watu wanavyotafuta dhahabu.

Basi wajumbe wakaanza kutoa maoni. Mmoja alisema lijengewe banda zuri pale barabarani, wapita njia walipe kiingilio walitazame. Mwingine, Mungu ambariki, alipendekeza libebe wagonjwa. Muuguzi mmoja kijana akamwuliza kwa adabu, "Samahani babangu, huyo mgonjwa atalala wapi, juu ya boneti?" Tukacheka. Kisha muuguzi huyohuyo akasema jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile: "Kwa nini lisiuzwe, tukapata saruji?"

Hapo mzee mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, akakohoa, akaegemea fimbo yake na kutamka maneno mawili: "Zawadi haiuzwi."

Kikao kikanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Nilijua kwamba muuguzi amesema kweli na mzee amekosea, tena nilikuwa na sababu ya kujua kuliko mtu yeyote katika chumba kile, lakini nikainama na kutazama viatu vyangu. Ndiyo maana naandika ukurasa huu. Ninachokipinga ni yale maneno mawili, na ninayempinga zaidi ni mimi mwenyewe niliyeyaamini.

Hebu tuyatazame vizuri. Zawadi haiuzwi. Ukiletewa khanga na shangazi yako, huendi kuiuza gulioni. Ni kweli, ungemwumiza. Ukipewa jembe na baba mkwe, utalima nalo. Hapo msemo una adabu yake. Lakini adabu hiyo ni ya zawadi ya mtu kwa mtu, ya kitu kinachotumika, kati ya watu watakaoonana tena. Sisi tumeichukua tukaivalisha zawadi zote za dunia, hata zile ambazo mpewa hana mahali pa kuziweka wala uwezo wa kuzilisha. Maana gari hula, ndugu msomaji. Hula mafuta, hula matairi, hula vipuri, na lisipokula hufa.

Tena msemo huo wenyewe hatuufuati! Wanaosali parokiani Jumapili ya mavuno wanajua. Mama analeta jogoo wake altareni, amemfunga miguu kwa ukili. Mwingine analeta debe la mpunga, mwingine mkungu wa ndizi. Hivyo si zawadi? Ni zawadi kubwa kuliko zote, maana amepewa Mungu. Na baada ya misa kinatokea nini? Mnada, mlangoni pa kanisa! Katekista anamwinua yule jogoo, watu wanapandishiana bei, na jogoo ambaye sokoni angeuzwa kwa bei ya jogoo anaondoka kwa bei ya mbuzi. Aliyemnunua anapigiwa makofi. Wakati mwingine anamrudisha, ananadiwa mara ya pili. Sijapata kumsikia mzee yeyote, hata mwenzangu huyu ambaye hukaa benchi la mbele, akisimama na kusema jogoo wa Mungu hauzwi.

Na tukumbuke kwa nini yule jogoo anapata bei kubwa. Nyama yake ni ileile. Bei imepanda kwa sababu ya mahali alipotoka, mahali fedha zinapokwenda, na macho ya watu wanaotazama. Hiyo ndiyo siri yote ya mnada wa hisani, uwe Lupiro au Monaco.

Nimeitaja Monaco makusudi. Mwezi Mei 2018 sisi huku tulikuwa na furaha yetu: Rais Magufuli alikuja kuzindua daraja la mto Kilombero, mita 384, na watu wa Ulanga tukaachana na pantoni iliyotutesa miaka na miaka. Mwezi huohuo kule Monaco lilinadiwa gari jeupe la Lamborghini aina ya Huracán. Kiwanda kilikuwa kimempa Papa Fransisko mwezi Novemba 2017. Papa alilibariki, akaweka saini yake juu ya boneti, na hakuenda nalo popote. Lilikuwa limetolewa liuzwe. Wanadi walikuwa wamekisia euro 250,000 hadi 350,000. Likafika euro 715,000. Fedha zikapangwa kwenda kwa Wakristo wa bonde la Ninawi nchini Iraq waliobomolewa nyumba na makanisa, kwa wanawake waliookolewa kutoka biashara ya ukahaba, na kwa vyama viwili vya Waitaliano vinavyosaidia wagonjwa, wanawake na watoto, hasa huku Afrika. Miaka minne nyuma, mwaka 2014, pikipiki yake ya Harley-Davidson ilikuwa imekwisha nadiwa mjini Paris kwa ajili ya hosteli ya maskini ya Caritas jijini Roma.

Hakuwa wa kwanza. Januari 2005 kiwanda cha Ferrari kilimpa Papa Yohane Paulo wa Pili gari la aina ya Enzo. Kiwanda kilikuwa kimeunda 399 tu. Hilo likawa la 400 na la mwisho. Wakati huo ni majuma machache tangu mawimbi ya tsunami ya Desemba 26, 2004, yaliyoua watu wengi mno kule Asia na yaliyofika mpaka pwani ya Somalia na ya kwetu hapa Tanzania. Papa mgonjwa akaagiza gari liuzwe, fedha ziende kwa waathirika. Akafa Aprili kabla halijauzwa. Likauzwa Juni kwa euro 950,000, na fedha akakabidhiwa Papa Benedikto.

Na kuna hadithi ya zamani zaidi ninayoipenda kuliko hizo. Desemba 1964 Papa Paulo wa Sita alikwenda Bombay, India, kwenye Kongamano la Ekaristi. Alipewa gari jeupe la Lincoln la kutembelea mjini. Alipoondoka akamwachia Mama Teresa wa Calcutta. Sasa mfikirie mama yule: mtawa mfupi, sari ya bei rahisi, amepewa gari na Baba Mtakatifu mwenyewe. Kama kuna zawadi isiyouzwa hapa duniani, si ndiyo hiyo? Angeweza kuliweka uani, wageni wakalipiga picha. Yeye hakulipanda hata mara moja. Akalifanyia bahati nasibu. Watu wengi wakanunua tiketi, mmoja akaondoka na gari, na mama akapata fedha nyingi kupita bei ambayo angeliuza kwa mtu mmoja. Fedha hizo zikasaidia kujenga Shanti Nagar, kijiji cha wenye ukoma. Wanaokijua kituo cha Nazareti pale Ifakara wataelewa ninachokisema bila maelezo. Wagonjwa wangelifanyia nini lile gari?

Nilimweleza haya mwalimu mwenzangu mstaafu, na yeye akanijibu kwa ukali. Ni haki niyaandike maneno yake, kwa sababu hayakuwa ya kipumbavu. Alisema: "Hizo si sadaka, hizo ni biashara. Kiwanda kimetoa gari, kimepata picha katika magazeti ya dunia nzima. Tajiri ametoa fedha, amepata gari. Nani hapo amepungukiwa? Wewe ulitufundisha habari ya mjane na senti zake mbili. Mjane yuko wapi Monaco?"

Akaongeza kombora lake la mwisho. Lile Enzo la Papa, lililouzwa euro 950,000 mwaka 2005, lilinadiwa tena Marekani Agosti 2015. Likauzwa dola milioni 6 na elfu 50. Faida hiyo haikuwahusu watu wa tsunami. "Umeona?" akasema. "Maskini walipewa mfupa, nyama ikabaki kwa wenyewe."

Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Nakiri yana uzito. Kwa miaka thelathini na zaidi nimewasimulia watoto habari ya mjane, na siifuti. Mbele ya Mungu senti zake ni nzito kuliko Ferrari. Lakini mjane anahusu moyo wa mtoaji. Muuguzi wetu hakuuliza habari za moyo wa mtu, aliuliza habari za saruji. Mama aliyepoteza nyumba kwa mawimbi hakuwa na nafasi ya kupima unyenyekevu wa kiwanda cha magari. Kama fedha zilimfikia, zilimfikia. Kama hazikumfikia, hapo ndipo pa kupigia kelele, na nitapiga pamoja na mwenzangu. Maswali yangu mimi ni hayo: kiasi gani, kwa nani, na risiti iko wapi. Nani kapungukiwa na nani kapata picha gazetini, hayo wayatafute wenye muda.

Na ile hoja ya dola milioni 6? Nenda nayo mpaka mwisho uone inakokupeleka. Inasema wangelisubiri miaka kumi. Yaani watu walale nje miaka kumi, gari likae ndani! Bei iliyopanda mwaka 2015 haikuwepo mwaka 2005. Mwenye njaa ya Februari hauzi mpunga wake kwa bei ya mwaka kesho. Isitoshe, gari lile lilipanda bei kwa sababu alikuwepo mtu mwenye banda kavu, fundi na bima. Lingekabidhiwa kijiji kilichobomolewa na bahari, baada ya miaka kumi lingekuwa na thamani ya vyuma chakavu.

Hili la vyuma chakavu silisemi kwa kubahatisha.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, sitaitaja, huku huku Ulanga. Nilikuwa bado kijana, nina cheti changu cha chuo cha ualimu kilichotundikwa ofisini, na nilijiona. Shule moja ya Ulaya iliyokuwa na urafiki nasi ikachangisha fedha, ikatununulia Land Rover kuukuu lakini nzima. Siku ilipofika tulichinja mbuzi. Watoto waliimba mpaka sauti zikakauka. Nilitoa hotuba, na Mungu anisamehe, nilisema ndani yake maneno yaleyale: hii ni zawadi, na zawadi haiuzwi.

Miaka ile mafuta yalikuwa ya kuvizia. Ukipata lita ishirini Ifakara unashukuru kama umepata mtoto. Tuliliendesha masika moja na kiangazi kimoja. Mwaka wa pili tope jeusi la bonde letu likala springi, kisha giaboksi ikaanza kulia. Hapo akaja mfanyabiashara wa mpunga kutoka Ifakara. Alilizunguka, akalala chini akalitazama, akataja bei. Nilipiga hesabu usiku ule kwenye daftari: mabati ya madarasa matatu, na saruji ya sakafu ikabaki. Madarasa yetu yalikuwa ya udongo na nyasi. Asubuhi nikamwambia hapana. Aliniuliza kwa nini, nikamjibu kwa kiburi, nikasema sisi si watu wa kuuza shukrani zetu.

Giaboksi ilikufa mwaka 1988. Gari likasukumwa mpaka chini ya mwembe. Mwaka uliofuata, usiku mmoja wa masika, ukuta wa darasa la nne ulianguka. Namshukuru Mungu ulikuwa usiku. Asubuhi watoto wakahamia chini ya mwembe uleule, wakapanga matofali ya kukalia kandokando ya Land Rover. Walikaa pale, darasa baada ya darasa, mpaka mwaka 1994. Mvua ikinyesha, wadogo wanane au tisa walikuwa wakijibana ndani ya gari na madaftari yao, wengine wanakimbilia kwangu. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Siku moja mtoto alikata mguu kwenye mlango wenye kutu, nikambeba mimi mwenyewe kwa baiskeli mpaka zahanati, na njiani kote nilikuwa nikitafuta mtu wa kumlaumu.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Baya ni hili. Kila Desemba marafiki wetu wa Ulaya walituandikia kuuliza habari za gari. Na kila Desemba, kwa miaka minne, niliwapanga wavulana wakubwa, wakalisukuma kutoka chini ya mwembe mpaka mbele ya ofisi, wakalipiga maji na sabuni, wasichana wakaweka maua kwenye boneti, na mpiga picha akaja. Nami nikaandika, kwa Kiingereza changu bora, kwamba gari linaendelea kutusaidia. Baada ya picha tulilisukuma kulirudisha. Watoto waliona yote. Walikuwa wanajua kabisa mwalimu mkuu wao anafanya nini. Nilikuwa nawachapa wakinakiliana hesabu.

Nililinda nini? Si zawadi, maana ilikuwa imekwisha kufa. Nililinda sura yangu mbele ya watoaji, na nikaiita sura hiyo adabu. Wale watu, ninavyoamini leo, wangefurahi kuliko sisi kama ningewaletea picha ya madarasa matatu na kuwaambia kweli: tumeliuza, tazameni mabati. Sikuwapa nafasi ya kufurahi.

Basi mtu asidhani nawashauri watu wauze kila wanachopewa. Hadubini ikiletwa maabara, itumike. Vitanda vikiletwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, walaliwe wagonjwa. Wamisionari Wakapuchini waliotoka Uswisi hawakutuletea mapambo. Na ile maabara ndogo iliyofunguliwa Ifakara mwaka 1957, iliyokua ikawa taasisi ya utafiti wa malaria inayojulikana duniani, ilidumu kwa sababu ilifundisha watu wa hapa kuitumia. Kitu kikija pamoja na kazi yake, kibaki. Kitu kinachokuja na njaa yake mwenyewe, kama lile Datsun, kikitushinda tukiuze mapema kikiwa bado kinang'aa.

Maana hilo la mwanafunzi wangu linang'aa kweli. Amenitumia picha kwenye simu, mjukuu akanikuzia. Rangi ya machungwa, taa kama macho ya paka. Likija kwa barabara yetu ya kutoka Ifakara wakati wa masika, sijui kama litafika na tumbo lake. Likifika, litakuta banda la makuti na mlinzi anayelala. Baada ya mwaka mmoja popo watakuwa wamelipaka rangi nyingine. Lakini likibaki huko huko Dar es Salaam, kavu, na fundi wake yuleyule, na likatangazwa kwa watu wanaoyapenda, na ikaelezwa wazi kwamba kila shilingi inajenga nyumba ya wazazi Lupiro, nani ajuaye watu watapandishiana vipi? Jogoo wa mavuno tumemwona.

Nimemwandikia. Nimeanza na salamu za nyumbani na habari za mama yake, kama inavyopasa, kisha nikamwambia: mwanangu, asante, usilete gari. Linadi wewe huko unakowajua watu, tuletee fedha mbele ya kamati, nasi tutakupa risiti na jina la kila fundi atakayelipwa. Alipiga simu siku ya tatu. "Shikamoo Mwalimu," akasema, kisha akanyamaza kidogo. Akaniuliza kama wazee hawataona amewadharau. Nikamjibu kwamba wazee niachie mimi.

Kikao kingine ni Alhamisi. Mzee mwenzangu atakuwepo na fimbo yake, na najua atayarudia maneno yake mawili, maana tangu siku ile ameyasema hata kilabuni. Safari hii sitatazama viatu. Nimefungua sanduku la bati nikatafuta, nikaipata picha moja ya mwaka 1990: Land Rover limeoshwa, maua kwenye boneti, mimi nimesimama kando na tai yangu. Nyuma, ukiangalia kwa makini, wanaonekana wavulana wanne wanahema, mashati yamelowa jasho la kusukuma. Mmoja wao ndiye mwenye Datsun. Nitaipitisha mkono kwa mkono mezani, nianze na muuguzi.